Kivuli Chini ya Mtulinga

Ndani ya lile gari la serikali mlinuka dawa na mpira uliopata joto. Lilikuja Likoni kutupiga picha za eksrei za vifua, mwaka mmoja kabla ya Uhuru, likaegeshwa karibu na soko, na mchana ule ule uvumi ukatanda: anayeonwa mifupa yake angali hai amekwisha kuhesabiwa na wafu. Mama yangu, aliyekohoa tangu upepo wa kusi uanze, aliapa hatapanda. Bibi akanishika bega. "Mwanaidi, tangulia wewe, mamako aone si kitu." Nilikuwa na miaka kumi, mzima kama kigongo. Nikapanda. Mlango ukafungwa, giza likaniziba macho, bamba la baridi likanigusa kifuani, na sauti ya mtu nisiyemwona ikasema, "Vuta pumzi. Usipumue." Kitu kikanguruma. Nilihisi kuna jicho lililopita ndani yangu likatokea mgongoni. Mama alinifuata, midomo ikisoma dua.

Baada ya siku chache mpimaji wa lile gari alibisha hodi, bahasha mkononi. Alipotaja kifua kikuu, Mama alijifunga leso akasimama. "Ni mimi. Nilijua."

"La, mama. Wewe una pumu tu. Ni huyu mtoto."

Mama alinitazama kana kwamba nimeingia nyumbani mwake nikiwa mtu mwingine. Kule hospitali daktari aliitundika picha mbele ya taa: mbavu zangu nyeupe, moyo wangu, na chini ya mtulinga, mfupa ule wa kati ya shingo na bega, wingu dogo. Nilipapasa mahali pale. Hapakuuma. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako; changu kilikuwa ndani zaidi ya nguo, na hakikuwa kimenipigia hata hodi moja. Nililazwa, nikadungwa sindano hadi nikashindwa kukalia makalio. Mchana nilijilaza nikisikiliza pumzi zangu, nikishangaa ni nini kingine kinachoishi humo kimya.

Leo kazi yangu ni kusoma picha za eksrei za makundi ya galaksi yaliyogongana. Kwa darubini za kawaida galaksi zake huonekana zimetulia, kila moja mahali pake, kama watu wasio na neno. Eksrei ndiyo huonyesha gesi ya moto iliyokuwa baina yao, imepondeka, imechanika, imeachwa nyuma. Picha yangu ya kwanza ilichukuliwa kwa pumzi moja. Hizi hukusanywa kwa saa nyingi na chombo kilicho juu ya hewa yetu, na kila inapofunguka kwenye kioo cha kompyuta shingo yangu husisimka. Majuzi mwanafunzi aliniuliza kama makundi yale yatapata kutulia. Nilimjibu yatatulia, baada ya miaka mamilioni kwa mamilioni. Kifua changu kilichukua masika mawili.