Maji ya Tanga Hayachemshwi

Mbaruku alikuwa na jicho moja linaloona. La pili lilichukuliwa na ncha ya jani la mkonge, muda mfupi baada ya kutoka Chanika kule Handeni na kuja kukata mkonge katika shamba la Mzungu mmoja karibu na Korogwe. Nyapara alimwambia ashukuru, maana mkonge ukishampenda mtu humchukulia yote mawili. Mke wa meneja alipomwona na kitambaa usoni akamwingiza nyumbani achote maji na kufua, na miaka ilivyokwenda akawa boi wa nyumba nzima. Tangu hapo Mbaruku aliupita mkonge kwa mbali, kama mtu anavyopita kwa mkwe aliyemkosea.

Nyumba ile ilikuwa na sheria nyingi, na moja ilizikalia nyingine zote: tone la maji lisiingie ndani kabla ya kuchemshwa na kuchujwa. Memsahibu alikuwa amezika mtoto kwa homa ya tumbo. Hakuwa na haja ya kulieleza jambo hilo mara mbili.

Katika baraza la nyuma kulikuwa na sanduku la kioo lenye maji ya bahari, mchanga na jiwe. Juu ya jiwe aliishi kiumbe ambaye memsahibu alimleta kutoka Tanga. Ukimtazama ungesema ni ua, kumbe ni mnyama: vidole vingi laini vyenye ncha za zambarau, na katikati yake mdomo uliomeza vipande vya samaki. Jikoni walimwita Mgeni. Kaleb, gadi wa treni, alimletea maji ya bahari kwa debe, na memsahibu aliyamimina kwa mkono wake mwenyewe, hakumwachia mtu.

Joto lilipozidi, meneja na mkewe wakapanda Lushoto kupumzika.

"Nikirudi nimkute mzima," memsahibu alimwambia Mbaruku. "Asiyeweza kutunza kitu kisichotembea, hapa ndani sina kazi naye. Atarudi shambani."

Debe lilipofika Mbaruku alifanya kama alivyofunzwa. Aliyachemsha maji, akayapoza, akayachuja kwa kitambaa safi, akabadilisha yale ya zamani. Mgeni akakunja vidole. Mbaruku akadhani moto haukutosha, uchafu umebaki. Debe lililofuata akalichemsha hadi sufuria ikafanya utepe mweupe wa chumvi. Mgeni akasinyaa kama fundo la kanga kuukuu. Mwisho akabanduka kwenye jiwe, akalala mchangani ubavu, akitoa ute.

Mbaruku alikaa mbele ya kioo akilifumba na kulifumbua jicho lake. Alikuwa akijaribu giza.

"Baba Mwaija," mkewe Mashavu alimwambia, "anayeumwa ni mnyama wa Mzungu, anayekonda ni wewe. Hebu niambie, mmerogwa pamoja?"

"Akifa huyu, narudi kukata mkonge."

Mashavu hakutania tena.

Kaleb alipokuja na debe jingine aliikuta sufuria mekoni, Mashavu akichochea moto.

"Mzigua, leo tunakula nini?"

"Hayo ni maji ya Mgeni. Yale ya juzi. Nayarudia moto."

"Unayarudia? Ina maana na mwanzo uliyapika?"

"Sheria ya nyumba, Kaleb. Unaijua."

Kaleb alikaa juu ya debe, akavua kofia ya kazi, akacheka mpaka akashika mbavu. "Sheria ile ni ya matumbo ya Wazungu. Shemeji Mashavu, uliolewa na nani wewe? Kule Tanga nani anaichemsha bahari? Sufuria yake iko wapi?"

"Msambaa wa Vugiri," Mbaruku akasema, "bahari umeijua lini?"

"Siijui. Lakini wavuvi wanaonijazia debe nawaona wakiweka kaa hai ndooni. Hawaweki kuni chini."

Mbaruku aliishusha sufuria mekoni. Kila siku, maji ya mezani yakishapoa, aliyamimina kutoka jagi hili kwenda jagi lile, kwa sababu maji yaliyochemshwa huwa kama yamekufa mdomoni mpaka yapigwe hewa. Alilijua hilo kwa ajili ya koo za wenye nyumba. Hakuwa amelifikiria kwa ajili ya mwingine.

Hata hivyo alitazama mlangoni kwanza kabla ya kuliinamisha debe. Maji mabichi ndani ya nyumba ile! Akamwaga yale ya sufuria na yale ya kwenye kioo, akajaza ya Kaleb, akayateka kwa kata na kuyarudisha kutoka juu mpaka yakatoa povu. Ute akauondoa kwa unyoya wa kuku, polepole, kama anayemfuta mtoto pua. Hakumpa chakula, mgonjwa halazimishwi.

Asubuhi Mgeni alikuwa vilevile. Kesho yake kitako chake kilikuwa kimeshika jiwe. Mbaruku alimgusa kidogo, hakubanduka. Kisha kidole kimoja cha zambarau kikachungulia, vingine vikafuata, na siku alipopewa kijipande cha perege wa mtoni alikishika na kukipeleka mdomoni bila haraka, kama mtu mwenye kwao.

Memsahibu aliporudi alikwenda barazani kabla ya kuvua kofia. Alitazama kwa muda mrefu.

"Maji haya umeyachemsha?"

Mbaruku angeweza kujibu lolote. "Mwanzo nilichemsha, memsahibu. Akaugua sana. Sasa nampa mabichi."

Memsahibu aligusa ukingo wa kioo. Uso wake ulikuwa mbali, labda kwenye kaburi lile dogo. "Sikukuambia," alisema hatimaye. "Nilikuambia chemsha yote, nawe ukachemsha yote." Akachukua kata, akampa. "Kuanzia leo mimina wewe."

Mbaruku akateka, akamimina. Mgeni akashtushwa na maji, akajikunja mwili mzima. Mbaruku akaweka kata chini, akasubiri, moyo umetulia, mpaka vidole vikaanza kutoka tena kimoja kimoja.