Picha ya Jicho na Ukili wa Bibi

Leo bibi yangu kapigwa picha, na sura yake haimo.

Asubuhi nilimtoa Somanga kwenda kliniki ya macho Lindi. Nilimwambia tu anakwenda kupigwa picha ya jicho. Basi katoka na kanga mpya na wanja umekolea.

Nesi kaufuta wanja wote kwa pamba. Bibi kanuna.

Kumbe mashine ile inapiga nyuma ya jicho. Daktari akatuonyesha kwenye kompyuta: mstari unakwenda vizuri, ukifika katikati unapanda kama kichuguu.

"Bibi, hapa pamechakaa kwa umri, maji yameingia. Ndiyo maana kilichonyooka unakiona kimepinda. Tutakuchoma sindano jichoni, kisha tupige picha tena tuone kama maji yanakauka."

Sindano. Jichoni.

Bibi hata hakuuliza kama inauma.

"Kwa hiyo kimepinda kwangu tu?"

"Kwako tu, bibi."



Mnaomjua mnajua ni msukaji wa mikeka. Tangu mvua zikatike anasuka ukili, ule utepe unaoshonwa kuwa mkeka, anautazama, anasema umepinda, anaufumua wote. Sisi nyumbani tukasema mikono imezeeka. Naye akatuamini, akampa jirani miyaa yake yote, majani ya kusukia.

Kwenu mzee akisema kitu kimepinda, huwa mnamjibu nini?

Tumerudi jioni hii. Hajaingia ndani, hajavua hata kanga mpya. Kapitiliza hadi mlango wa jirani.

"Hodi, Mama Zuhura. Nimefuata miyaa yangu."