Mdhamini Mmoja kwa Kazi Tatu

Hakuna kitu cha kunishangaza mimi. Nimeona upepo ukibeba paa la bati na kuliweka shamba la jirani. Nimeona tajiri mzima akilia mbele ya mashine iliyozimika katikati ya msimu, nami nikaendelea kula mhogo wangu. Shule niliishia darasa la tano, lakini kuanzia Ubaruku mpaka Rujewa ukiuliza nani anakoboa mpunga ukatoka mchele mzima, bila chenga, utaonyeshwa mlango wangu. Nyumba yangu ni ya matofali ya kuchoma. Hakuna mjomba aliyenichangia hata msumari.

Kwa hiyo mzee niliyemfanyia kazi miaka kumi na minne alipougua, na watoto wake wakauza mashine, sikuhangaika. Nilichotaka ni kupata kazi kabla ya mavuno. Mavuno yakikukuta huna mashine umekwisha, kila nafasi imeshashikwa mpaka mwaka mwingine. Nikapitisha neno kwamba nipo. Ndani ya wiki mbili niliitwa sehemu tatu.

Tatizo lilikuwa karatasi. Siku hizi hata tajiri ambaye mwenyewe anasoma kwa shida anataka barua, maelezo ya kazi, na mdhamini wa kumpigia simu. Mimi kusoma nasoma, ila kuandika kwangu ni kwa kusuasua. Nikamwita rafiki yangu, mtu wa kidato cha nne. Mimi ndiye niliyemtoa kwenye kubeba magunia nikamfundisha mashine, nikamfundisha kusikiliza kwa sikio rola zinazomenya mpunga. Tulikaa chumba kimoja miaka miwili, na mke wangu anamwita shemeji. Aliandika barua zote tatu mezani kwangu, akila wali wangu. Alipofika kwenye mdhamini akauliza aweke jina la nani. Nikamwambia ajiweke yeye, kwani nani mwingine ananijua? Akajiandika mara tatu.

Rujewa nilikutana na tajiri wa ng'ombe aliyenunua mashine mwaka jana. Hakunipa hata kiti. Alinipa debe moja la mpunga, akasema koboa. Nilipomaliza aliumwaga mchele kwenye sinia, akawa anatafuta chenga kwa kidole kama mtu anayetafuta chawa. Hakupata za maana. Akataja mshahara, nami nikamwambia nitaongea na nyumbani.

Mbeya mjini ilikuwa kampuni. Vijana watatu, kompyuta tatu, na chumba kizima hakina punje ya mpunga. Mmoja akauliza udhaifu wangu ni upi. Nikasema sina. Mwingine akauliza baada ya miaka mitano najiona wapi.

"Nina mashine yangu," nikamwambia, "na wewe umekuja kuniomba kazi."

Walicheka mpaka mmoja akavua miwani. Baada ya siku mbili walinipigia kwamba kazi ni yangu. Nikasema nafikiria.

Iringa, pale Mlandege, mwenye mashine alikuwa mama mmoja mjane, mtu wa kanisani, mpole wa maneno. "Kamwene," akanisalimia, kisha akanisogezea mpunga wa Pawaga. Nilitia punje mdomoni nikaiuma. Ikakatika kama njiti ya kiberiti. Nikamrudishia ndoo yake. Nikamwambia mpunga huu umeanikwa juu ya lami, jua limeshaupasua kwa ndani, hata malaika akiukoboa zitatoka chenga tupu. Hapo ndipo alipotabasamu. Mafundi watatu kabla yangu walikuwa wameutia kwenye mashine bila kuuliza. Mshahara wake ulizidi wa wengine wote, na juu yake gunia la mchele kila mwezi. Hiyo ndiyo kazi niliyoitaka. Yule mama alikuwa wa kwanza kupima kichwa changu, si mikono tu.

Ningekubali palepale. Lakini nilikuwa na wawili wengine mkononi, nikaona kwa nini asipande kidogo. Niliporudi nilimweleza rafiki yangu kila kitu, nani kataja ngapi, nani nimemwambia nini.

"Kaka, usikimbilie," akasema. "Fundi kama wewe anabembelezwa. Mwache akae wiki moja, atapanda mwenyewe."

Maneno yale yaliniingia kama soda baridi. Nikakaa wiki. Simu ya mama haikuja, nikampigia mimi kumwambia nimekubali. Alinijibu kwa upole, "Karibu Jumatatu, baba, tutaongea." Huku kwetu mtu mwenye heshima hakukatalii kwenye simu. Anakuita, unakaa, unakunywa chai, ndipo unakataliwa. Mimi mwenyewe nimeshawakatalia watu hivyo. Siku ile sikuliwaza hilo. Niliwapigia Rujewa na Mbeya nikawaambia watafute mtu mwingine, na niliwaambia kwa madaha. Jumamosi nikapakia kitanda na masufuria kwenye fuso, nikalipia chumba Mlandege miezi sita, kama wenye nyumba wanavyotaka.

Jumatatu asubuhi nilikuwa bado barabarani nikasikia mashine inanguruma. Kila fundi ana namna yake ya kubana rola, na sauti inamtaja. Niliyoisikia ilikuwa namna yangu, na mimi nipo nje.

Mama alinikaribisha chai. Alisema alimpigia mdhamini wangu, akaambiwa nimeahidiana na Rujewa, na Mbeya pia, na kwamba yeye namtumia tu kupandisha bei.

"Ni uongo, baba?" akauliza.

Rujewa nilikwenda. Mbeya nilikwenda. Kupandisha bei nilitaka. Nikanywa chai.

Rafiki yangu akazima mashine, akatoka, nyusi zimejaa pumba. Nilidhani angeinamisha kichwa.

"Kaka, niliulizwa, nikasema ukweli," akasema. "Mama akaniuliza kama namjua fundi mwingine. Nina watoto."

"Na ile wiki moja uliyoniambia nikae?"

Alijipangusa uso kwa shati, akarudi ndani. Mashine ikawaka tena. Nilisikiliza, nikitafuta kosa. Sikulipata, nilimfundisha vizuri.

Rujewa walikuwa wameshapata mtu. Mbeya hawakupokea simu. Mwenye nyumba alisema kodi ikishaingia haitoki. Nilirudi Ubaruku na vitu vyangu vilevile, mavuno yakaanza, mpunga ukapita mbele ya mlango wangu kwenda kwenye mashine za watu. Kwa mke wangu nilisema Iringa kuna baridi. Hakuuliza tena habari za shemeji yake. Kodi ya miezi sita, fuso kwenda na kurudi, na kufuli jipya la kile chumba: shilingi laki tano, elfu ishirini na tisa, na mia tano.