Aliyekaa Upande wa Pili wa Ubao

Anayetaka kucheka acheke sasa, amalize, halafu anisikilize. Mimi si mtu wa kuota mchana. Nauza samaki wakavu wa Pweto sokoni hapa Lubumbashi, na muuza samaki anayeota mchana anaibiwa hata na paka. Nilichokiona Karavia nilikiona jua likiwaka, tumbo limeshiba, mume wangu yuko pale pale. Muulizeni. Atawaambia hapendi kulizungumza jambo hilo, na mwanaume asiyependa kuzungumza mbele ya bia mnajua maana yake.

Nilizaa mapasa, wasichana wawili wa mimba moja. Kwetu Waluba majina ya mapasa hayatafutwi, wanazaliwa nayo: anayetangulia ni Kyungu, anayefuata ni Kabange. Tangu siku ile mimi ni Mama Kyungu. Na mapasa wana sheria zao. Ukimnunulia mmoja, unamnunulia na mwenzake, kitu kile kile, rangi ile ile. Ukimsuka mmoja, unamsuka na mwingine, hata kama vidole vimechoka. Mmoja wao akifa husemi amekufa, unasema amerudi, na hulii. Unamwimbia zile nyimbo za mapasa, zile chafu, zenye matusi ya wakubwa, yeye anaondoka anacheka na mwenzake anabaki kwa amani. Ukimlilia, anashindwa kwenda. Akishindwa kwenda, anamwita mwenzake amfuate.

Ninyi mnazikumbuka Jumapili za kabla ya korona? Mimi nazikumbuka mpaka nasikia harufu yake. Tukitoka kanisani hatuvui hata viatu. Sufuria ya kuku nimeifunga kwenye kitenge, chupa ya munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, mume wangu anaibeba kwa heshima utafikiri ni divai ya padri, na wasichana wawili mbele, magauni sawasawa, wanagombania nani atakaa karibu na dirisha la gari. Pale Karavia, kando ya ziwa, kuna bustani yenye bembea, na ule ubao mrefu, mmoja akipanda mwenzake anashuka. Huo ndio uliokuwa wao. Kyungu anaamuru, Kabange anatii. Kyungu akiwa chini anakataa kuinuka, anamwacha mwenzake juu hewani akipiga makelele, mpaka nije nimtishie kofi. Yo, siku zile! Nilikuwa nalalamika kwamba wananichosha. Mungu anisamehe.

Halafu mji ukafungwa. Shule zikafungwa, kanisa likafungwa, watoto wakawa wa kuchungulia barabara kutoka dirishani. Katika miezi ile Kyungu akashikwa na homa. Si ile ya korona, ilikuwa malaria yetu hii ya kila siku, lakini ilimaliza mambo kwa haraka. Mazishi yenyewe, watu wachache, kila mmoja mbali na mwenzake, na askari pale mlangoni anatuhimiza tufanye upesi. Mama yangu yuko Pweto, barabara imefungwa, analia kwenye simu ananiambia, "Mwimbieni. Musilie, mwimbieni." Nani angeimba? Mikusanyiko marufuku, majirani wanatuogopa, mume wangu amejifungia chumbani. Na mimi mwenyewe, niseme kweli, sikuwa na koo la kuimba. Nililia. Nililia kama mtu yeyote anayelia mtoto wake.

Baada ya hapo Kabange akabadilika. Chakula anakigusa tu. Akilala anajibana ukutani, nusu ya godoro anaiacha wazi. Nikipita mlangoni namsikia ananong'ona, nikiingia ananyamaza. Akakonda, jamani, mpaka mikono ikawa ya kutisha kuishika. Daktari akampima akasema hana ugonjwa. Sokoni wanawake waliniangalia tu, na nilijua wanachofikiri, maana mimi pia nilikuwa nakifikiri. Mwenzake alikuwa anamvuta. Usiku nilimfunga kiunoni kwangu kwa kitenge nikilala naye, kana kwamba kitenge kinaweza kitu.

Basi mji ukaanza kufunguliwa, kidogo kidogo. Kwanza makanisa, halafu shule, halafu sehemu za kupumzika. Jumapili moja mume wangu akanikuta nimekaa tu, akaniambia, "Mama Kyungu, tuende Karavia. Mutoto ajue tena kama inje iko."

Tukaenda. Getini bado wameweka ndoo ya maji na sabuni, kijana anakuelekezea kipima-joto kwenye paji la uso, lakini ndani ilikuwa sherehe. Lubumbashi yote ilikuwa imetoka! Watu wanasalimiana kwa viwiko halafu wanasahau wanakumbatiana. Barakoa zote ziko kidevuni au mfukoni. Watoto wanakimbia ovyo, wanaanguka, wanainuka, wamesahau namna ya kucheza na wengine, wanasukumana kwenye bembea. Wazazi hakuna anayewagombeza. Wote tulikuwa tunawaangalia tu na kucheka peke yetu. Nilisikia moyo wangu unafunguka, nikamtuma Kabange aende kucheza.

Alikwenda moja kwa moja kwenye ule ubao, akakaa upande wake wa siku zote, peke yake. Upande wa pili ukabaki juu, mtupu. Niliinamisha uso kwenye sufuria ili nisimwone. Nikafungua kuku, nikapanga sahani, nikamwita mume wangu ambaye alikuwa ameshakutana na rafiki wa zamani wa kazini na sasa wanabishana mambo ya mpira. Nilipoinua kichwa, Kabange alikuwa juu hewani anacheka.

Mnajua ni muda gani sikuwa nimesikia kicheko kile? Upande wa pili amekaa msichana wa kimo chake, gauni la kawaida, barakoa imefunika mdomo na pua vizuri kabisa. Nikajiambia, huyu mama yake ni mtu mwangalifu, bado anaogopa. Nikamshukuru Mungu kwa ajili ya mtoto wa wenyewe. Wakapanda, wakashuka, wakapanda. Kisha yule msichana akakaa chini akakataa kuinuka, akamwacha Kabange juu akipiga makelele ya furaha. Na mimi, mjinga, nikacheka nao.

Akapita muuza barafu na sanduku lake kwenye baiskeli, lile la barafu tamu za rangi. Kabange akaja mbio, mwenzake nyuma yake. Nikanunua moja. Moja tu! Mimi, mama wa mapasa! Miezi ile yote nilikuwa nimejizoeza kununua moja, mkono ulishajifunza. Nikampa Kabange. Yule mwingine akanyoosha mkono.

"Mama, na yake?" Kabange akaniuliza.

Nikamwambia, "Aende kuomba kwa mama yake."

Yule mtoto akateremsha mkono polepole, na hapo ndipo nilipomwangalia sawasawa. Barakoa yake ilikuwa ya kitenge changu cha kijani chenye ndege. Kamba za masikioni zilikuwa za soksi nyeusi. Niaminini, hakuna mwanamke mwingine Lubumbashi aliyeshona barakoa kwa kamba za soksi. Siku nilipozishona mpira wa kushonea ulikuwa umekwisha madukani, nikakata soksi ya mume wangu, nikashona mbili, moja kwa kila mtoto. Na siku ya mazishi, walipotuamuru wote tuvae, kichwa changu kilikuwa kimevurugika, nikamvika na Kyungu ya kwake. Nilimfunga mwenyewe, nyuma ya masikio, kabla ya kufunika jeneza.

Mama yake nilikuwa mimi. Nilikuwa nimemtuma mtoto wangu akaombe kwa mama yake.

Nilitaka kumkumbatia. Sikusikia hofu, nawaambia ukweli, nilisikia njaa ya kumshika. Lakini alikuwa ameshageuka, amemshika Kabange mkono, wanaelekea ziwani, kule kwenye matete ambako hakuna boti wala walinzi. Barafu Kabange ameiacha inamdondoka vidoleni. Nikamwita. Akageuka na uso wa mtoto anayekwenda matembezi.

"Mama, tunaenda na yeye," akasema. "Anasema kwabo batoto banachezaka tu. Hakuna kufungiwa."

Ningemwambia kwetu kuna nini kizuri kuliko hicho, baada ya mwaka ule? Nikakimbia, nikamdaka Kabange mkono wa pili, nikavuta. Hakutoka hata hatua. Yule mwingine hakuwa anavuta kwa nguvu, alikuwa ameshika tu, lakini mkono wa Kabange ulikuwa wa baridi mpaka kwenye bega. Machozi yakaanza kunijia. Na mara hiyo macho ya yule mtoto juu ya barakoa yakajaa huzuni, akashika zaidi. Nikaelewa. Machozi yangu ndiyo yaliyokuwa yamemzuia miezi ile yote.

Nikaimba.

Sasa mnijue vizuri: mimi ni mama wa kwaya. Mke wa shemasi wetu alikuwa amekaa hapo karibu na familia yake, gauni jeupe, kofia. Na mimi nikasimama katikati ya bustani ya Karavia, mchana kweupe, Jumapili, nikaanza kuimba nyimbo za mapasa kama mama yangu alivyoniimbia nilipowazaa, yale matusi yote ya chini ya kitovu, bila kuruka hata moja. Sauti yangu ilitetemeka kama ya mbuzi. Watu wakageuka. Baba mmoja akawaziba watoto wake masikio.

Mwanamke mmoja aliyekuwa anauza karanga, mtu wa Kasai kwa lafudhi yake, akainuka, akaja, akanitazama usoni. "Ni mapasa?" akaniuliza. Nikaitika kwa kichwa. "Basi usilie hata kidogo. Ukilia anabakia." Akaanza kuimba za kwao, kwa lugha yao, na nawahakikishia matusi yao hayana haja ya mkalimani. Mwingine akaja, na mwingine. Mke wa shemasi akavua viatu, akavua na kofia. Kumbe na yeye ni mama wa mapasa, sikujua! Alizijua kuliko mimi.

Mume wangu alifika mbio. Katika nyimbo zile baba wa mapasa hasalimiki. Anatukanwa yeye na kila alicho nacho mwilini. Alituona, akamwona yule mtoto, akasimama kama mti. Nilifikiri atanivuta aniaibishe zaidi. Akasema tu, kwa sauti ya chini, "Imba, mama. Mie niko naitika." Akaitika. Akatukanwa mbele ya watu wote, akacheza, mikono kiunoni, baba mzima mwenye kitambi, jasho linamtoka. Jamani, nilimpenda siku ile.

Na barakoa ikaanza kutikisika. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka mabega yakapanda, kama alivyokuwa akicheka kila baba yake alipojikwaa nyumbani. Akamwachia Kabange mkono, akaenda kwenye matete anacheka, hakugeuka. Matete hata hayakusogea. Nami niliimba mpaka sauti ilipokatika kabisa, maana niliogopa nikinyamaza nitalia.

Jioni ile Kabange alikula kuku wake, akala na wa baba yake. Mkono wake ulibaki wa baridi siku chache, ukapona. Leo ni msichana mkubwa, anasoma, ana mdomo mrefu. Halali tena amejibana ukutani, ametanda godoro zima. Nikinunua viatu nanunua jozi mbili, moja nampa mtoto wa mtu. Nilipomuuliza kama anamkumbuka yule wa kwenye ubao, aliniambia hapana, akaendelea na simu yake.

Mimi namkumbuka. Bado tunakwenda Karavia, na kila mara nakaa karibu na ule ubao na kuwaangalia watoto wa watu, mmoja mmoja, machoni. Hayupo. Najua hatakuja, kwa sababu mara ile nilifanya sawasawa. Kuna siku najilaumu kwamba niliimba vizuri mno.

Kwa hiyo ninyi mlio na mapasa, na wakati ule mlizika kimya kwa sababu ya askari na amri, nisikilizeni. Musingoje. Imbeni leo, nyumbani, mlango umefungwa, hata kama sauti ni mbaya, hata kama mchungaji ataudhika. Maana ukichelewa utaimba kama mimi, huku mtoto wako anakutazama na mkono wake uko karibu hapo, ungeweza kuushika.