Mbuzi wa Mahari na Shingo ya Mama

Mama alikuwa amezoea kulala ameketi. Akijilaza, uvimbe wa shingoni ulimkaba, na mimi niliyekuja kumuuguza nilikaa chumba cha pili nikisikiliza kama pumzi inayofuata itakuja. Daktari wa Kitui alisema tezi imeanza kubana njia ya hewa, ikatwe upesi. Bima ililipa sehemu tu. Mume wangu tulikuwa tumemzika kwao Kilungu mvua iliyopita, na mikono yangu ilikuwa mitupu. Mama, lakini, alikuwa na mbuzi.

Walikuwa wazao wa mbuzi ambao mume wangu aliwaleta kunioa. Kwetu Ukambani mbuzi hao ndio ndoa yenyewe; mke akirudi kwao, wanarudishwa. Mama hakuwahi kuuza hata mmoja. Nilimwambia aliyewaleta hayupo tena, nani atawadai?

"Uliolewa na boma, si mtu mmoja," akasema. "Wakikufukuza wakitaka mbuzi wao, niwape shingo hii?"

Nikaenda Kilungu. Mama mkwe alikuwa akiambua mbaazi, na hakuacha kuambua nilipomweleza. Mwishowe akasema, "Mbuzi hawarudi hapa. Na wewe huendi popote." Nilishukuru. Lakini ukweli ni kwamba nilikuwa nimeanza kuwaza kurudi kwetu kabisa.

Mama hakuamini maneno ya kuletewa. Basi mama mkwe akaja mwenyewe hadi soko la mifugo la Mwingi, mimi na mama tulikowapeleka mbuzi, viatu vya kanisani miguuni. Mnunuzi, mzee Mwislamu kutoka kaskazini, aliuliza mwenye mbuzi ni yupi. Wale wanawake wawili wakatazamana. Mama mkwe ndiye aliyemkabidhi kamba. Mmoja tu, jike mwenye doa kwenye paji, alimvuta kando akamrudishia mama.

"Huyu abaki," akasema. "Boma lisikauke."

Siku ya upasuaji sikuweza kuketi. Nilitembea kutoka mlangoni hadi kwenye mfereji na kurudi, mpaka mlinzi akaniuliza kama nimepoteza kitu. Mama alipozinduka sauti yake ilikuwa kama karatasi inayokunjwa.

"Yule mwenye doa yupo?"

"Yupo, mama."

"Basi bado una kwako Kilungu," akasema, akafumba macho. Alikuwa amelala chali.

Nikamfunika miguu. Nikatoka nje, nikarudi, nikatoka tena.