Msasa Hapaki Lami Juu ya Kutu

Usiku ule mimi na kaka yangu hatukulala. Simu niliiweka juu ya kigoda katikati yetu, na kila ilipowaka tuliiinamia wote wawili, kumbe ni tangazo la bahati nasibu.

"Dada, iguse. Labda imezima."

"Haijazima."

"Iguse tu."

Nikaigusa. Kaka alikuwa akisubiri jibu la binti yake wa pekee, ambaye hakuwahi kusema naye tangu siku ile wageni walipokuja kumposa. Daktari alikuwa ameshatuambia kwamba mapafu yameliwa na vumbi, na kama kuna watu wa kuwaaga, waagwe sasa. Kaka hakuwa na watu. Alimtaka huyo mmoja.

Mtaani walimwita Msasa. Kazi yake ilikuwa kutoa kutu kwenye uvungu wa magari ya zamani, na jina lilimkaa zaidi kwa ulimi wake kuliko kwa kazi. Gari likiletwa, kwanza aliliosha tope lote, hasa lile linalojibana nyuma ya magurudumu, kisha akaliacha juani mpaka likauke kabisa. Halafu aliingia chini, chali juu ya boksi lililokunjuliwa, akagonga bati kwa nyundo ndogo, shibiri kwa shibiri. Palipolia vizuri alipita. Palipoitikia kama boga, alichomeka bisibisi, na bisibisi ikazama.

Hapo ndipo alipomwita mwenye gari.

"Vua koti, bosi. Ingia chini."

"Mimi? Na suruali hii?"

"Suruali itafuliwa. Lete kidole. Haya, tumbukiza. Umeona? Gari lako lina kitovu."

Mafundi wengine walicheka, mtu akatoka chini amejaa vumbi na aibu. Aliyekataa kutumbukiza kidole alifunguliwa geti akaondoka na gari lake. Wapo mafundi waliompakia lami nyeusi juu ya ule ubovu, uvungu ukang'aa kama kiatu cha harusi, na gari likauzwa wiki hiyohiyo. Msasa akasema, "Kutu ukiifunika umeitandikia kitanda." Yeye alikwangua kwa brashi ya waya mpaka chuma cheupe, akakata palipooza, akachomelea bati jipya, akapaka rangi ya kuzuia kutu, lami ikaja mwisho. Na vile vitundu vya chini ya milango, ambavyo wengine huviziba kwa lami, alivizibua kwa msumari ili maji yapate pa kutokea. Barakoa hakuvaa. "Hizo za madaktari," alisema, akatema mate mekundu.

Mke wake alifariki mtoto akiwa mdogo, nikamlea pamoja na wangu. Mtoto ana kifafa. Akinywa dawa zake anakaa muda mrefu bila kuanguka, lakini mimi hadi leo nikisikia sufuria imedondoka moyo unaruka. Akakua, akawa mshonaji mzuri, akapata mchumba, mwalimu wa hesabu. Kijana alijua kila kitu. Aliwahi kumlaza ubavu mwenyewe na kumfuta mate. Walikubaliana wazazi wa kijana waambiwe taratibu, wakishamzoea. Mimi niliambiwa. Kaka hakuambiwa, maana nani angethubutu?

Wageni walikuja, wamevaa wamependeza. Chai ikamiminwa. Mjomba wa kijana, mtu wa masihara, akasema, "Basi mzee, tumekubali kila kitu. Binti hana kasoro, au tumkague?"

Tukacheka. Kaka hakucheka.

"Anayo," akasema. "Ana kifafa."

Niliona kikombe cha mama wa kijana kikisimama njiani kwenda mdomoni.

"Kaka," nikasema, "hayo tutazungumza..."

"Nyamaza, dada. Mimi sipaki lami juu ya kutu. Anayechukua achukue akijua." Kisha akageukia jikoni. "Mama! Njoo hapa. Waonyeshe pale ulipopasuka."

Binti akaja na kitambaa cha vyombo mkononi. Akanitazama mimi. Kaka akamwambia tena, avue kilemba. Akavua. Akainama mbele ya watu waliokuja kumposa, na mama wa kijana akasogea, akatenganisha nywele kwa vidole viwili akalitazama kovu la siku alipoanguka.

"Mimi nilijua," kijana akasema.

"Ulijua?" mama yake akamgeukia. "Ukajua, ukatuleta hapa tunywe chai?"

Waliondoka chai ikiwa ya moto. Kijana alirudi mara moja tu, kuchukua mwavuli wa mama yake. Binti aliosha vikombe vyote, akavifuta, akafunga mzigo wake. Mlangoni akasema, "Baba, mimi si gari la mtu."

Msasa akajibu, "Ungekuwa gari ningekutengeneza."

Ndilo neno la mwisho alilomwambia mwanawe mpaka usiku ule wa simu.

Alfajiri simu ikawaka. "Njooni asubuhi." Kaka alinipokonya akaisoma mwenyewe, mara nyingi, kana kwamba maneno hayo yalikuwa marefu. Nilimnyoa. Alichagua shati, akalikataa, akachagua jingine.

Binti anakaa ghorofani. Kila ngazi zilipokata kona kaka alisimama, akashika ukuta, akapumua kama mtu anayevuta kamba nzito. Kwenye varanda wanawake walikuwa wakifua. Wakatusalimia, wakatusogezea ndoo tupite. Kaka alibisha hodi mwenyewe. Tukasikia ndala zikija, zikaishia nyuma ya mlango.

"Shangazi, umemleta?"

"Nimemleta, mama. Fungua, amechoka."

"Majirani wapo?"

Nikageuka. Walikuwa wameacha kufua. "Wapo."

"Basi aseme hapohapo anaumwa nini. Wajue ni nani anayeingia kwangu."

Nilitaka kumvuta mkono tuondoke. Kaka akautoa mkono wangu. Akajinyoosha, akawageukia wale wanawake, na mimi ninayemjua niliona kwamba kwake jambo hili lilikuwa haki tupu.

"Mapafu yangu yamekwisha," akasema. "Ni vumbi la kutu."

"Hawajasikia," sauti ikasema.

Akarudia, kwa nguvu, mpaka kikohozi kikamkunja. Mwanamke mmoja akamvuta mtoto wake nyuma ya beseni. Kaka akajifuta mdomo kwa leso, akaificha. "Nimekuja kukuona tu, mama."

"Sawa," binti akasema. "Nimesikia."

Ndala zikaondoka. Tukasimama. Wanawake wakainamia nguo zao, lakini hakuna aliyefua. Nikamwambia kaka twende. Akatikisa kichwa, macho kwenye kitasa.

"Ngoja kidogo, dada. Labda anatafuta ufunguo."

Ndani, redio ikaongezwa sauti.