Nyama Ambayo Sikuila

Msimamizi wangu aliipenda mada yangu mno, na hilo ndilo lililoniudhi. Nilimwambia nataka tasnifu yangu ya uzamili ihusu usuluhishi wa wakulima na wafugaji Handeni, na kwamba kaka yangu aliuawa katika ugomvi wa aina hiyo. Akasogeza kiti karibu.

"Una bahati," akasema. "Wenzako wanahangaika kupata watu wa kuwahoji."

Bahati. Nilitoka ofisini kwake nimefura, lakini mada sikuiacha. Ilikuwa yangu kabla haijawa ya chuo.

Kiangazi kile ng'ombe waliingia kwenye mahindi yetu wakielekea lamboni kunywa maji. Kabla jua halijazama, kaka alikuwa amekufa, na kijana mmoja wa boma la wafugaji la jirani pia. Mimi nilikuwa bwenini Korogwe. Nilifika kwetu Misima nikakuta ameshazikwa. Baadaye wazee wa pande zote mbili walichinja dume pale lamboni. Wafiwa wote walikula pamoja, sisi na wao, na kila aliyekula alijifunga kwa kiapo asiyataje tena yale mambo, wala majina ya marehemu. Siku hiyo nilikuwa kwenye mitihani. Tangu hapo hakuna aliyeinua panga, na mama hajawahi kulitamka jina la mwanawe.

Nikaenda Misima kuomba ruhusa. Baada ya shikamoo na habari za mvua, ambazo zilikuwa mbaya, nilimweleza baba. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu, mimi nilikula," akasema. "Nikikutana na mwenzangu wa upande wa pili lamboni nitamwambia nini? Kwamba mwanangu anafukua?"

Mama alikuwa anapepeta choroko pembeni. Nilimtazama nikitaka aseme neno, akaendelea kupepeta. Nikajua naye amekataa.

Nikarudi Kwamndolwa, nilikopanga chumba, nikaandika mada nyingine kuhusu soko la machungwa. Msimamizi alinuna, kisha akasaini. Sina ugomvi na machungwa, ila kila nilipofungua kompyuta nilijisikia mgonjwa.

Nilipokwenda tena nyumbani, mama alinisindikiza hadi njia panda kusubiri bodaboda, amebeba kifurushi changu cha choroko.

"Umeandika?" akauliza.

"Naandika, mama. Habari za machungwa."

Akasimama. "Machungwa?"

"Si baba alikataza?"

"Baba yako alikwambia kwamba yeye alikula. Na mimi nilikula. Hata nikiwa peke yangu shambani siwezi kumwita mwanangu kwa jina." Hakuwa analia, ingekuwa nafuu kama angelia. "Katika nyumba yetu wewe peke yako hukula. Nikasema basi, huyu atamtaja."

Nilitaka kumwambia kwamba mada imeshapitishwa, kwamba kuibadilisha tena kungenirudisha nyuma mwaka mzima. Vilikuwa vineno vya hovyo na niliona aibu kuvitoa. Bodaboda ikafika. Akanipa kifurushi, akaniambia nijifunge mtandio vizuri, barabara ina vumbi.

Tulipopita lambo nililitamka jina la kaka, kwa sauti, mpaka dereva akageuka kuuliza kama namwita yeye. Mama alikuwa ameshageuka kurudi nyumbani, mbali, asingeweza kunisikia.